Kaa wa Hori Mbili na Swali la Pa Kukaa

Waungwana mnaokaa barazani msimu huu wa kusi, ngalawa zimepandishwa mchangani na hakuna wa kumharakisha mwenzake, naomba mniazime masikio, nami nitayarudisha kabla ya magharibi. Yupo mtu hapa, simtaji, aliyetupia swali jana baada ya kahawa kwisha: kati ya mji wetu huu na ule wa jirani, upi mzuri zaidi wa kukaa na kulelea watoto? Likawaka zogo lililodumu hadi taa zikazimwa, na leo asubuhi wake zetu wamenyimana chumvi. Nami nikageuka kitandani usiku kucha, kwa maana swali hilo si geni katika mwambao huu. Limewazika waliokuwa wakilijibu kwa sauti kubwa kuliko sisi.

Waulizeni watu wa Ibo. Kisiwa chao kilikuwa na ngome tatu, na ile kubwa, ya São João Baptista, ilijengwa mwaka 1791. Kilikuwa na mafundi wa fedha, nyumba za mawe ya matumbawe zenye baraza za nguzo, na gavana wa kuzipitia jioni akipunga mkono. Kisha Kampuni ya Niassa, iliyokabidhiwa nchi hii na Wareno tangu mwaka 1891 kama mshonaji akabidhiwavyo kitambaa, ikaona maji ya Ibo ni haba kwa meli kubwa, ikahamishia makao yake katika ghuba ya kusini, mahali palipobatizwa kwa jina la malkia, Porto Amélia, panapoitwa leo Pemba. Gavana akafuata meli, mshahara ukamfuata gavana. Ng'ambo ya Ruvuma waulizeni wa Mikindani, mji ambao Livingstone alipita mwaka 1866 alipoanza safari ambayo hakurudi, jinsi walivyoliona pori la jirani, Mtwara, mwendo wa kilomita 10 hivi, likipewa bandari na reli baada ya mwaka 1947, kwa sababu Waingereza walikuwa wameota karanga. Karanga hazikuota. Reli iling'olewa, lakini Mtwara imebaki kuwa mji mkubwa, na Mikindani imebaki na milango yake ya kuchongwa. Na mtu wa Kionga msimuulize kabisa: Mjerumani alimchukua mwaka 1894, Mreno akamchukua mwaka 1916, akabadilishiwa nchi mara mbili bila kuhama nyumba, hivyo ukimuuliza mji upi bora, yeye atakuuliza, wa lini?

Lakini hayo ni ya watu, na ya watu yana wenyewe, na wenyewe wana masikio marefu. Mimi nasimulia ya kaa.

Palikuwa na hori mbili, katika nchi ya mbali ambayo jina lake limenitoka, na wala msijisumbue kunikumbusha, zilizotengana kwa mwendo ambao kaa mwenye miguu mizima aliumaliza kati ya bamvua na bamvua. Ya kusini iliitwa Jahazini, ya kaskazini Kisimani. Wakazi wake walikuwa wale kaa wadogo wa matopeni ambao dume ana gando moja kubwa kama ngao na jingine dogo kama kijiko. Kaa wa Jahazini gando lao kubwa lilikuwa la kulia, wa Kisimani la kushoto, na zaidi ya hapo hapakuwa na tofauti ambayo jicho la ndege mwenye njaa lingeweza kuitambua.

Jahazini palikuwa na gati, soko lililoamka kabla ya adhana ya alfajiri, chuo cha kusomea, na nungunungu walioteremka kutoka uwanda wa juu na mizigo ya mihogo, wakapanda tena na chumvi na samaki wakavu. Palikuwa pia na wezi na madalali, na siasa ya kutosha kuufanya uchaguzi wa jumbe uishie kwenye damu. Kisimani palikuwa padogo, juu ya kilima chenye minazi, mbele yake ghuba iliyotulia kama maji ya bakuli, na kisima kimoja cha maji matamu ambacho tangu kichimbwe hakikuwahi kufungwa kwa kitu kingine ila kifuniko cha makuti. Huko hapakuwa na mwizi, kwa kuwa hapakuwa na cha kuiba wala pa kujificha. Ukikohoa kwako, jirani wa tatu anakuombea afya.

Waliishi kwa kutaniana. Hapakuwa na arusi isiyovuka kutoka hori moja kwenda nyingine, na kila arusi ilikuwa na nyimbo zake za kuchokozana: kaa wa Jahazini wakiimba kwamba Kisimani jogoo huwika mara moja akalala tena, kaa wa Kisimani wakiwajibu kwamba Jahazini hata kivuli hulipiwa ushuru. Wakicheka, wakila pamoja, na bibi arusi akihama na mtungi wake. Ulikuwa utani wa watani, ambao kazi yake ni kuzuia ugomvi kama vile ndui ya chanjo inavyozuia ndui yenyewe.

Ikatokea mwaka mmoja, wakati wa kipupwe, nyangumi walipopanda kutoka bahari ya baridi kuja kuzalia katika maji ya uvuguvugu, kama ilivyo desturi yao, akafuatana nao mmoja asiye na mimba. Huyu alikwenda taratibu juu ya kilindi kilichoelekeana na Kisimani, akalaza sikio lake mchangani, akasikia pumzi. Ilikuwa pumzi kubwa iliyofungiwa chini ya mwamba tangu kabla ya kaa wa kwanza kuumbwa, ambayo mwenye kuivuta angeweza kuchemsha vyungu vya nusu ya dunia. Kaa walikuwa wameishi jirani nayo vizazi vyote hivyo wakidhani ni kimya.

Nyangumi hakwenda kuwaamkia. Nchi ile ilikuwa ya Kiboko, mfalme aliyekaa katika mto wa kusini kabisa, mbali kiasi kwamba habari ya kifo cha kaa ilipofika kwake, mjukuu wa marehemu alikuwa ameshaoa. Wakazungumza siku tatu, majini hadi shingoni, wakapatana. Na katika siku hizo tatu neno kaa lilitajwa mara moja tu, wakati wa chakula cha mchana.

Likabaki jambo dogo. Nyangumi alihitaji pwani ya kuweka watumishi wake na majiko yake, na pumzi ile, ingawa ilikuwa mbele ya Kisimani, ingeweza kupokewa hata Jahazini. Basi akaajiriwa Kulastara, ndege mwenye shingo ndefu na mguu mmoja wa kusimamia, azilinganishe hori mbili na kueleza ipi inafaa zaidi kukaa, kukua na kuwekea mali. Msishangae kwamba kazi ya kuwahesabu kaa alipewa ndege anayekula kaa. Katika nchi ile ilionekana kwamba hakuna mwenye uzoefu nao kuliko yeye. Na ni kweli alihesabu vizuri. Kila alipohesabu kumi, aliandika tisa.

Daftari lake lilikuwa na safu nyingi: idadi ya matundu, upana wa tundu, umbali kutoka tundu hadi maji, mwenye mali kwa jina, utayari, na safu moja iliyoandikwa furaha, ambayo kaa walitakiwa waijaze wenyewe kwa kuchagua kati ya moja na kumi. Habari ya daftari ilifika hori zote mbili usiku mmoja, na utani wa arusini ukakoma asubuhi yake.

Jahazini, Jumbe Gando aliitisha mkutano akasema kwamba mgeni akija asikute harufu. Wauza samaki wakaondolewa gatini, walipokuwa tangu enzi za mababu, wakapelekwa nyuma ya makaburi. Vijana waliokuwa wakipakua mizigo kwa ujira wa siku wakafukuzwa kwa kuwa walikuwa hawapendezi machoni. Ukuta wa soko ukapakwa chokaa hadi kaa walioupita wakatoka weupe upande mmoja. Kulastara akafika, akatembea sokoni peke yake, akaandika: soko safi sana, wateja hakuna.

Kisimani walifanya makubwa zaidi, kama wafanyavyo wadogo. Kulastara aliuliza kisima ni cha nani, wakamwambia ni cha watu wote, akawaonyesha kwa masikitiko kwamba safu ile haipokei watu wote. Mwinyi Koko, aliyekuwa mzee wa mji na mtu mwema hadi siku ile, akaona aibu mji ukose alama kwa jambo dogo kama hilo, akaandikisha jina lake mwenyewe. Na kwa kuwa mali yenye jina lazima iwe na kufuli, kifuniko cha makuti kikatolewa, mlango ukawekwa, na ufunguo ukakaa shingoni mwa Mwinyi, aliyekuwa akilala mapema. Kisha wakaja wasaidizi wa Kulastara, na wasaidizi wa wasaidizi, wote wakitaka pa kulala. Tundu lililokodishwa kwa simbi tatu likapanda hadi simbi mia. Kaa wenye akili wakawapangisha wageni matundu yao, wao wakalala nje chini ya mizizi ya mikoko, wakihesabu simbi zao gizani na kuambiana kwamba mji umechangamka. Na bamvua lilipokuja liliwachukua baadhi yao pamoja na simbi, ambazo zinazama vizuri.

Nikae hapa kidogo, maana sehemu inayofuata ndiyo ambayo babu yangu alipoisimulia alikuwa akiweka kikombe chini.

Siku ya ijumaa, baada ya swala, Kulastara aliwakusanya kaa wa hori zote mbili katika uwanja wa tope ulio katikati. Akasema, "Nimezunguka hori nyingi za dunia, na siri ya zile zilizofanikiwa ni moja, nayo ni maendeleo. Sasa maendeleo, kama neno lenyewe linavyojieleza, ni kwenda, na kwenda ni kwenda mbele. Ninyi wenzangu, samahani kwa kusema ukweli, mnakwenda upande."

Kaa wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo kuwa kasoro. Waliona kwamba ndivyo miguu ilivyopangwa, na kwamba anayekwenda upande humwona adui wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Lakini nani atasema hivyo mbele ya daftari? Kufikia jumapili kila hori ilikuwa na chuo cha kwenda mbele. Jahazini walimwajiri chura, aliyewafundisha kuruka. Kisimani walimwajiri chura mwingine, kwa mshahara mkubwa zaidi, ili isemekane kwamba chura wao ni ghali. Miguu ikapishana kama ukili wa mkeka uliosukwa na mlevi. Wengine waliteguka, wengine walivunjika, na waliovunjika waliambiwa kwamba hayo ndiyo maumivu ya mwanzo. Wazee waliozoea kuitana kwa utani sasa walisimama ukingoni mwa hori wakichunguliana: kwenu mmefika hatua ngapi? Kijana mmoja wa Jahazini, mwenye kipaji, aliweza kwenda mbele hatua saba bila kuanguka, akapewa cheo, kofia na posho. Siku ya ukaguzi alikwenda hatua tisa, na ile ya tisa ilimfikisha mdomoni mwa Kulastara, aliyemmeza bila kinyongo chochote na kuandika: tisa.

Usiku, minong'ono. Wa Jahazini walimwendea Kulastara wakamwambia kwamba maji ya Kisimani yana minyoo. Wa Kisimani walimwendea wakamkumbusha ile damu ya uchaguzi. Kulastara aliwashukuru wote, akala mmoja mmoja katika wajumbe, kwa usawa.

Alikuwapo bibi mmoja, Bi Matope, aliyezaliwa Kisimani, akaolewa Jahazini akakaa miaka mingi, kisha akafiwa na mume akarudi kwao. Kulastara aliposikia kwamba yuko aliyezijua hori zote mbili kwa uzee wake wote alifurahi, akamfuata kisimani, ambako bibi alikuwa amekaa na mtungi akingoja Mwinyi aamke alete ufunguo.

"Shikamoo bibi. Kati ya moja na kumi, Jahazini unaipa ngapi?"

"Marahaba, bwana mkubwa. Jahazini nilizaa watoto saba na kuwasomesha wawili, kwa kuwa chuo kilikuwapo na soko la kupatia ada lilikuwapo. Nilipougua, mganga alikuwa mlango wa pili, lakini jirani hakujua kwamba naumwa hadi siku ya nne. Hapa mganga yuko mbali. Nikikohoa usiku, asubuhi nina uji wa vyungu vitatu mlangoni, na kila aliyeuleta ana swali lake. Kule nilikuwa na madeni mengi na hakuna aliyeyajua. Hapa nina deni moja, na watoto wanaliimba. Mwanangu wa tatu alipotaka kuona mbali nilimpeleka kule. Alipotaka kuonwa, alirudi huku."

"Hiyo ni ngapi, bibi?"

"Hiyo ni asubuhi na jioni, bwana."

Kulastara alishika kalamu muda mrefu, akaitazama safu ya furaha, akaandika: hakujibu. Kwa nini hakumla, hekaya haisemi. Babu yangu alidhani ni kwa sababu alikuwa mkavu.

Matokeo yakatoka. Kisimani wameshinda. Wakapiga ngoma siku tatu, wakaimba nyimbo ambazo safari hii hazikuwa za utani. Na zawadi ya ushindi ikaja: ua mrefu kuzunguka ufuo waliokuwa wakiokota chaza na kutega nyavu, kwa kuwa Nyangumi alihitaji nafasi ya kupumua. Kaa waliokuwa ndani ya ua walijengewa matundu mapya, na sitaki kuyasingizia: yalikuwa mazuri, ya mraba, yamepangwa kwa mstari ulionyooka, kila moja na kifuniko cha bati na namba yake. Kasoro yake ilikuwa kwamba yalikuwa mbali na maji, hivyo kaa aliyetoka kwenda kuvua alifika wakati maji yameshajaa, na aliyengoja yapwe alirudi usiku. Kazi zilikuwapo uani, lakini zilitaka cheti, na hakuna chuo kilichowahi kutoa cheti cha kujua tope. Wapishi walitoka mbali. Kaa walipewa kupeperusha kibendera, magari ya wakubwa yapite.

Kaa wa ng'ambo ya mto mkubwa walileta salamu. Wao pumzi yao ilishapitishwa katika utumbo mrefu wa chuma hadi mji wa mbali wenye taa nyingi, baada ya kulia na kupigwa kwa kulia. "Ulizeni kwanza pumzi inakwenda wapi," walituma kusema. Kisimani wakajibu kwamba wivu wa jirani ni jambo linalofahamika.

Jahazini nao hawakuachwa mikono mitupu; waliahidiwa kwamba watakumbukwa.

Sasa nirudi kwa wale vijana waliofukuzwa gatini, ambao hamjaniuliza habari zao, kama vile hakuna aliyeuliza wakati ule. Hawakuwa na safu. Hawakuwa na tundu la kuhesabiwa upana, hawakulima, hawakuvua, ujira wa siku ulikuwa umekatika. Baadhi yao wakaanza kukaa kando na kusema maneno mapya, kwamba baba zao hawajui hata kuswali, na wanaowafuata baba zao ni kama wao. Wazee wa Jahazini waliyasikia maneno hayo mapema kuliko mtu yeyote, wakafunga safari kwa wakubwa, wakasema: watoto wetu hawa wanatutisha. Wakubwa wakafungua daftari, wakapekua, wakasema hakuna mahali pa kuliandika. Vijana wakaingia msituni. Na katika lugha yetu hii, waungwana, ambayo Mungu aliifanya ibane maneno, kaa ni mnyama, na kaa ni lile la jikoni lenye moto ndani. Haikuchukua muda mrefu yule wa kwanza kugeuka kuwa hili la pili.

Jahazini paliungua kwanza. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi makaa yaliingia mjini yakatoka. Miaka ikapita kwa kuungua hapa na pale, mwishowe mji wote ukaanguka, gati na soko lililopakwa chokaa, ukakaa mikononi mwao karibu mwaka mzima.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wa Kisimani, badala ya kutia maji, walikaa kuhesabu nywele zilizoanguka. Sisemi kwamba walikuwa na roho mbaya. Kaa wa Jahazini walipofika wakiwa na watoto mgongoni walipikiwa, walipewa mikeka, na Mwinyi Koko mwenyewe alikiacha kisima wazi siku saba. Lakini jioni, barazani, baada ya wageni kulala, walipumua kwa siri na kuambiana: ndiyo maana tulishinda. Mji wenye mambo mengi huwa na mambo. Kwetu ni kutulivu. Na kwetu yuko Nyangumi, naye ana ua. Wakati huo barabara ilikuwa imefungwa, unga ulikuwa umepanda bei mara kadhaa, mashua hazikuja. Nao wakalipa bei hizo kwa fahari, kama dalili ya mji unaokua.

Siku ya 24 ya mwezi wa tatu, wakati jua halijazama, makaa yaliingia Kisimani kutoka pande tatu.

Sitasimulia siku zile. Waliokuwapo hawasimulii, na wasiokuwapo wamesimulia vya kutosha. Nitasema tu kwamba kaa walikimbilia mikokoni, wakakaa ndani ya maji hadi machoni, kisha maelfu yao wakaelekea ule ua, wakakusanyika nje yake, kwenye yale matundu ya mstari. Nyangumi aliwatoa wa kwake. Halafu akafunga tundu la pumzi yake, akatamka neno moja la lugha ya kwao, neno la wanasheria, ambalo maana yake ni kwamba lililotokea halikuwa mikononi mwake na kwa hiyo asidaiwe, akazama. Kaa walilitafuta neno lile katika lugha yao, nao walitamke mbele ya wanaowadai, wakakuta halipo.

Mashua zikawashusha wa hori zote mbili kwenye fungu la mchanga katika ile ghuba kubwa ya kusini, kwenye kitongoji cha wavuvi ambacho hakuna daftari lililowahi kukisifu. Wenyeji wake hawakuuliza gando. Waliuliza, mmekula? Tundu la kaa sita likalala thelathini, na sufuria ikaongezwa maji hadi wali ukawa uji, na uji ukawa habari ya uji.

Mtadhani hapo ubishi uliisha. Hapana, ndipo uliponoga. Wakiwa wamejipanga foleni ya maharage, wenye gando la kulia upande huu na wa kushoto upande ule, kaa walilinganisha hata majivu. "Sisi tuliungua miaka mingi zaidi," wakasema wa Jahazini. "Ninyi mliungua kimyakimya," wakajibu wa Kisimani, "sisi tuliungua mbele ya wageni, dunia nzima ikatutazama." "Gati letu lilikuwa refu." "Minazi yetu ilionekana tangu baharini." Aliyesikia kwa mbali angedhani miji yote miwili bado ipo, imejaa watu, na taa zinawaka. Bi Matope alikuwapo katika foleni hiyo, akishikilia bakuli, na mara kwa mara mmoja alimvuta mkono awe shahidi, naye alisogeza foleni mbele.

Wakaja tai kutoka nchi ya vilima vingi, wakafukuza makaa hadi ndani ya msitu, ambako mengine yanafuka mpaka sasa. Hori zikatulia nusu. Kaa wakaanza kurudi kidogo kidogo, wakikuta tundu lina mwenyewe mwingine, au lina mwenyewe ambaye haamki. Baada ya kupita miaka minne na nusu tangu alipozama, Nyangumi akaibuka mbele ya Kisimani, akapuliza maji juu sana, na mfalme Kiboko akatangaza kwamba ni mvua ya kheri.

Kulastara naye alirudi. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuja na daftari jipya, lenye safu zote za zamani na moja iliyoongezwa, iliyoandikwa ustahimilivu, ambayo nayo ilijazwa kwa kuchagua kati ya moja na kumi. Jumbe wa Jahazini, mpya, aliagiza chokaa. Mwinyi wa Kisimani, mpya vilevile, alikuwa na ufunguo.

Akapita Kulastara kwenye ukingo wa hori, maji yakiwa yamekupwa, akamwona kaa mtoto, mjukuu wa Bi Matope, aliyezaliwa kule kwenye fungu la mchanga. Mtoto huyo alikuwa katika umri ambao magando yote mawili bado ni madogo, sawasawa, na nyumbani kwao kila asubuhi wajomba wa Jahazini na wajomba wa Kisimani walikuwa wakimshika na kumkagua ni lipi litakaloanza kuvimba.

"Wewe mtoto ni wa wapi?" Kulastara akauliza, kalamu mkononi. "Na kati ya hapa na kule, unaona wapi pazuri zaidi pa kukaa?"

Mtoto akamtazama, kwa jicho la mbele na la nyuma. Akaenda upande hatua tatu, akaingia tunduni, akavuta donge la tope kwa ndani akaziba mlango, kama wafanyavyo kaa maji yakikaribia kujaa; na ndege akabaki amesimama kwa mguu mmoja, ukurasa umefunguliwa, maji yakimpanda gotini.